Mtakatifu Zélie Martin: Mama wa Mji Mdogo Aliyeitakatifuza Kazi, Nyumba na Mateso Yake

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Julai, Kanisa linawakumbuka Watakatifu Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Jina la Tereza linafahamika sana miongoni mwetu. Zipo parokia, shule na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizowekwa chini ya ulinzi wake, na waamini wengi hupokea jina lake katika Ubatizo. Mama aliyemzaa hafahamiki kwa kiasi hicho, wala hakuishi katika monasteri. Alikuwa mke, mama wa watoto tisa, mwajiri wa mafundi wanawake na jirani mwema katika mji mdogo wa Alençon, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 45 kwa saratani ya titi. Maisha yake ni katekesi kwa familia zetu, hasa kwa akina mama wanaobeba kwa wakati mmoja mzigo wa kazi, malezi na ugonjwa.

Utoto usio na mapambo

Azélie-Marie Guérin, aliyeitwa Zélie na watu wote wa nyumbani, alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831 huko Gandelain, kijiji kisicho mbali na Alençon. Baba yake alikuwa askari aliyetumika katika majeshi ya Napoleon, na baadaye akawa askari wa usalama vijijini. Mama yake alikuwa mwanamke mwenye imani thabiti, lakini mkali na mgumu wa kuonesha upendo. Zélie alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Dada yake Marie-Louise alikuwa msiri wake, na mdogo wao Isidore alidekezwa kuliko dada zake.

Akiwa mtu mzima, Zélie aliukumbuka utoto wake kuwa kipindi cha huzuni. Aliumwa kichwa mara kwa mara, na hata mwanasesere wa kuchezea hakuwahi kupewa. Mtu aliyekosa upole utotoni huweza kuwa mkali kwa watoto wake, au huweza kuazimia kuwapa kile alichokikosa yeye. Zélie alichagua njia ya pili, na barua zake zinaonesha jinsi alivyowapenda watoto wake bila kuona haya kulisema hilo.

Mwaka 1844 familia ilihamia Alençon, katika nyumba ya mtaa wa Saint-Blaise, na wasichana wakapata elimu njema kwa watawa. Zélie alipokua alitamani naye kuwa mtawa, ahudumie wagonjwa pamoja na Mabinti wa Upendo wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Alikwenda kuomba kupokelewa, lakini Mama Mkuu wa nyumba ile akamweleza kwamba hayo hayakuwa mapenzi ya Mungu kwake. Lilikuwa jibu chungu. Msichana yule alirudi nyumbani, akabadili ombi lake: kama angeolewa, basi Mungu amjalie watoto wengi, na wote wawekwe wakfu kwake.

Fundi wa lesi

Wazazi wake hawakuwa na mali ya kumpa binti wa kuolewa. Ilimpasa ajifunze kazi. Tarehe 8 Desemba 1851, Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Zélie aliisikia moyoni sauti ikimwelekeza kwenye kazi ya lesi, iliyoujengea mji wake jina tangu karne ya 17.

Lesi ya Alençon hushonwa kwa sindano na uzi mwembamba mno. Mchoro hutobolewa kwanza juu ya karatasi ya ngozi, kisha uzi hufuatishwa juu yake hatua kwa hatua: mistari, wavu, maua na mapambo. Ni kazi ya polepole sana. Kipande chenye ukubwa wa sentimita moja ya mraba huchukua takriban saa saba, na fundi huhitaji miaka saba hadi kumi ili kuumiliki ustadi wote. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuingiza ustadi huu katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kila mwanamke alishona sehemu yake, na mwishoni vipande viliunganishwa kwa mishono isiyoonekana. Hatua hiyo ya mwisho, iliyo ngumu kuliko nyingine, ndiyo iliyokuwa kazi ya Zélie mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1853, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alifungua biashara yake. Wanawake walifanya kazi majumbani mwao, na kila Alhamisi walikuja kwake kukabidhi vipande, kupokea ujira na kuchukua kazi mpya. Zélie alipokea maagizo kutoka Paris, akagawa uzi, akakagua mishono na kurekebisha palipoharibika. Mara nyingi alikesha hadi usiku wa manane ili kazi ifike siku iliyopangwa. Wakati mwingine aliichoka biashara hiyo na akatamani kuiacha. Lakini alijua kwamba nyumba nyingi zaidi ya yake zilipata chakula kwa sindano ile. Aliwalipa wafanyakazi wake bila kuchelewesha, akaenda kuwatazama walipougua, na alifundisha kwamba kuwazungusha maskini katika malipo ni dhambi nzito. Hapo Wakristo wenye maduka, mashamba na wasaidizi wa nyumbani tuna la kujiuliza: aliyetufanyia kazi mwezi uliopita amekwisha kupata haki yake?

Ndoa iliyojengwa juu ya sala

Katika mji huohuo aliishi fundi saa mmoja, Louis Martin, aliyezaliwa Bordeaux tarehe 22 Agosti 1823. Yeye pia alikuwa ametaka utawa. Alipanda milima ya Alps hadi monasteri ya Mtakatifu Bernardo, lakini hakupokelewa kwa sababu hakujua Kilatini. Siku moja ya mwaka 1858 Zélie alipishana naye kwenye daraja la Mtakatifu Leonardo juu ya mto Sarthe, na moyoni akapata hakika kwamba huyo ndiye aliyeandaliwa kwa ajili yake. Baada ya miezi mitatu walifunga ndoa katika kanisa la Notre-Dame, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 13 Julai 1858.

Siku hiyo haikuwa ya furaha tupu. Zélie alikwenda Le Mans kumtembelea dada yake, aliyekuwa ameingia utawani katika monasteri ya Visitasio, akalia machozi mengi kwa kuiona nyumba ya watawa ambayo yeye alinyimwa. Louis alimwelewa na hakukasirika. Kwa miezi kumi waliishi kama kaka na dada, hadi padre aliyekuwa akiwaongoza alipowasaidia kutambua kwamba Sakramenti ya Ndoa nayo ni njia kamili ya utakatifu, na kwamba watoto ni zawadi ya njia hiyo. Kuanzia hapo nyumba yao ilijaa.

Siku yao ilianza na Misa ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu, ambayo waliiita Misa ya maskini na ya wafanyakazi. Louis hakufungua duka lake Jumapili, ingawa siku hiyo wateja kutoka vijijini walikuwa wengi. Jioni familia ilisali pamoja. Zélie alijiunga pia na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1870 Louis alimwachia mpwa wake duka la saa, akaingia katika biashara ya mkewe, akisafiri kutafuta wateja na kushughulikia hesabu. Katika karne ile haikuwa kawaida mume kuacha kazi yake ili aitumikie kazi ya mke. Louis hakuona kwamba anajishusha.

Makaburi manne

Kati ya mwaka 1860 na 1873 Zélie alizaa watoto tisa: Marie, Pauline, Léonie, Hélène, wavulana wawili walioitwa kila mmoja Joseph, Céline, Mélanie-Thérèse, na mwisho Tereza. Wanne hawakuvuka utoto. Joseph wa kwanza alifariki tarehe 14 Februari 1867 akiwa na miezi mitano. Joseph wa pili alifariki tarehe 24 Agosti 1868 akiwa na miezi minane, na siku kumi baadaye Zélie akampoteza baba yake mzazi. Hélène, msichana wa miaka mitano, alifariki tarehe 22 Februari 1870. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule akafuata Mélanie-Thérèse, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi miwili. Zélie hakuweza kumnyonyesha, na mwanamke aliyekabidhiwa kazi hiyo hakumlisha ipasavyo.

Ndani ya muda usiofika miaka minne, mama huyu aliwafumba macho watoto wanne kwa mikono yake. Walikuwapo watu waliomfariji kwa kumwambia kwamba ingekuwa afadhali asingewazaa kabisa. Maneno hayo aliyakataa. Kwake mateso ya siku chache hayakuweza kulinganishwa na furaha ya milele ya watoto wale, na aliamini kwamba hawakupotea, bali wametangulia, naye atawaona tena. Hata hivyo imani hiyo haikumzuia kulia. Katika barua zake anasimulia waziwazi jinsi kifo cha Hélène kilivyomponda, na jinsi alivyojilaumu akijiuliza kama kuna dawa au chakula alichomnyima. Mama aliyezika mtoto huyafahamu maswali hayo. Zélie anamwonesha kwamba kulia si kukosa imani.

Mwezi Januari 1871, katika vita kati ya Ufaransa na Prussia, Alençon ilitekwa, na nyumba ya akina Martin ikalazimishwa kuwapa malazi askari tisa wa adui. Biashara ilidorora na chakula kikawa haba. Zélie aliendelea kupika, kushona na kusali, na hakuwasujudia askari wale wala kuwatukana.

Tereza alizaliwa tarehe 2 Januari 1873, na baada ya wiki chache alianza kudhoofika kama ndugu zake waliotangulia. Alfajiri moja ya mwezi Machi, Zélie alitoka peke yake kwa miguu hadi kijiji cha Semallé, mwendo wa saa mbili hivi, kumtafuta mwanamke mkulima, Rose Taillé, aliyekuwa na maziwa na moyo mwema. Walipofika nyumbani mtoto alionekana kama anayekata roho. Zélie alipanda ghorofani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, akamwomba mtoto wake apone, huku akijikabidhi kwa mapenzi ya Mungu. Aliposhuka alimkuta mtoto akinyonya. Tereza alikaa Semallé kwa mwaka mmoja, akarudi nyumbani mwezi Aprili 1874 akiwa na afya njema. Hivyo, kibinadamu, Kanisa linawiwa uhai wa mwalimu wake huyo na maziwa ya mkulima mmoja na miguu ya mama mmoja.

Jirani wa wanyonge

Upendo wa Zélie haukuishia mlangoni pake. Aliwapelekea chakula akina mama waliojifungua, na msaidizi wake wa nyumbani alipougua alimuuguza mwenyewe usiku na mchana. Alipomwona mzee aliyevaa matambara katika baridi, alimkaribisha nyumbani, akampa chakula na nguo, na yeye na mumewe wakamtafutia nafasi katika makao ya wasiojiweza.

Kuna tukio moja lililomgharimu zaidi. Wanawake wawili waliojivika sura ya utawa walikuwa wakimfundisha msichana maskini wa umri mdogo, huku wakimtesa na kumnyima chakula. Zélie aliligundua jambo hilo, akamjulisha mama wa mtoto na kuanza kumtetea. Wanawake wale walimgeuzia kibao kwa uongo, hata akajikuta mbele ya mkuu wa polisi akitakiwa kujieleza. Hakurudi nyuma. Mwishoni ukweli ulijulikana na mtoto akaokolewa. Zélie alikuwa mwamini wa Misa ya kila siku, lakini hakudhani kwamba vazi la dini linapaswa kumkinga anayemdhulumu mtoto. Fundisho hilo ni la lazima katika kila parokia na kila shule.

Nyumbani mwake pia kulikuwa na jeraha ambalo hakuliona mapema. Léonie, binti yake wa tatu, alikuwa mgumu wa kufundishwa na mkaidi, akafukuzwa shuleni zaidi ya mara moja, na Zélie akasumbuka sana juu yake. Mwaka 1877, akiwa tayari mgonjwa mahututi, aligundua kwamba msaidizi wa nyumbani aliyemwamini kwa miaka mingi alikuwa akimtisha Léonie kwa siri na kumfanya mtumwa wa amri zake. Alihuzunika sana. Alikata utawala ule mara moja, akamvuta binti yake karibu, na miezi yake ya mwisho akaitumia kuuponya moyo wa Léonie kwa upole. Mtoto yule aliyeonekana ameshindikana aliingia utawani huko Caen, na leo mchakato wa kumtangaza mwenyeheri umekwisha kufunguliwa.

Msalaba wa mwisho

Mapema kama mwaka 1865 Zélie alimweleza kaka yake Isidore, ambaye baadaye alikuja kuwa mfamasia huko Lisieux, juu ya uvimbe katika titi lake. Wakati huo hauoneshi kuwa ulimuuma sana. Watoto walizaliwa, wengine wakazikwa, maagizo ya lesi yakaendelea kuja, na uvimbe ukaachwa. Mwishoni mwa mwaka 1876 ulipoanza kumtesa, alikwenda kwa daktari, akaambiwa kwamba upasuaji hautasaidia tena. Alirudi nyumbani akaieleza familia bila kuficha, kisha akajuta alipoona machozi yao.

Tarehe 24 Februari 1877 dada yake mtawa alifariki dunia huko Le Mans. Mwezi Juni Zélie alifunga safari ya hija kwenda Lourdes, akiongozana na Marie, Pauline na Léonie. Safari ilikuwa ndefu na ya usumbufu, alipata maumivu zaidi njiani, na baada ya kuogeshwa mara kadhaa katika maji ya pangoni hakupona. Alirejea Alençon akiwa mchangamfu, akimtia moyo mumewe aliyekuwa akisubiri habari ya muujiza. Aliomba uzima kwa ajili ya watoto wake, na aliponyimwa hakumwacha Mama Maria.

Maadamu aliweza kusimama alikwenda Misa, ingawa kila hatua ilimchoma shingoni na kifuani. Mwezi Agosti nguvu zilikwisha. Alipokea Mpako wa Wagonjwa, familia yake ikiwa imepiga magoti kukizunguka kitanda. Alifariki dunia usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti 1877. Tereza alikuwa na miaka minne na nusu. Baada ya maziko Céline alimchagua dada yao Marie kuwa mama yake, naye Tereza akamkimbilia Pauline.

Matunda

Miezi michache baadaye Louis aliwahamisha mabinti wake watano kwenda Lisieux, wawe karibu na familia ya mjomba wao. Wote watano wakawa watawa: wanne Karmeli ya Lisieux na Léonie katika Visitasio. Ombi ambalo Zélie alilitoa baada ya kukataliwa na Mama Mkuu lilijibiwa, ingawa yeye hakuliona kwa macho ya mwili. Louis alifariki mwaka 1894, na Tereza mwaka 1897. Tereza alitangazwa mtakatifu mwaka 1925, msimamizi wa misioni mwaka 1927, na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Zélie na Louis walitangazwa wenyeheri tarehe 19 Oktoba 2008, Dominika ya Misioni, na tarehe 18 Oktoba 2015, wakati wa Sinodi ya Maaskofu kuhusu familia, Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu. Ndio mume na mke wa kwanza wasio wafiadini waliotangazwa watakatifu pamoja katika adhimisho moja.

Zaidi ya barua zake 200 zimehifadhiwa. Ndani yake hakuna njozi wala maajabu mengi. Kuna bei ya uzi, homa za watoto, nguo za shule, deni, uchovu, na katikati ya hayo yote jina la Mungu, likitajwa kama mtu anavyomtaja anayeishi naye nyumba moja.

Ndugu mwamini, yapo mambo matatu ambayo maisha haya yanayaweka mbele yetu. La kwanza, kazi halali inayofanywa kwa haki ni sehemu ya sala. La pili, mzazi anayemzika mtoto hahitaji kuambiwa anyamaze. Anahitaji jumuiya itakayobaki naye na kumkumbusha ufufuko. La tatu, uvimbe usipuuzwe. Katika siku za Zélie uganga wa saratani ulikuwa mdogo. Leo vipo vipimo na matibabu, na saratani ya titi inayogunduliwa mapema mara nyingi hutibika. Mama anayejitoa kwa ajili ya wote hafanyi kosa anapoomba siku moja ya kwenda hospitali, na mume anayempenda amsindikize. Jumuiya zetu na vyama vya kitume vya akina mama viweke jambo hili katika mazungumzo yao, pamoja na sala kwa wagonjwa wote.

Watakatifu Louis na Zélie Martin, ziombeeni familia zetu.